Bomba la Uani kwa Mama Vital

Asubuhi ile Kaswera alitoka na kikombe chake cha bati kama kawaida, akakuta saruji imeshalowa.

Alisimama. Kikombe kilikuwa bado kimejaa mkononi mwake, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu Jumapili. Saruji yenyewe ilikuwa kipande kisichozidi urefu wa kitanda, nyuma ya jiko, kando ya mgomba mmoja uliozeeka, na watu wa nyumba ile walifulia nguo pale. Lakini saa hiyo hakuna aliyekuwa ameamka akafua. Maji yalikuwa yanatoka kwenye ufa wa upande wa chini, membamba, safi, yakielekea kwenye majivu ya jiko. Kaswera alichuchumaa akayagusa kwa kidole.

"Njo umeipata weye mwenyewe," alinong'ona.

Halafu woga ukamshika, kwa sababu alikuwa amesema kwa sauti, na kwa sababu maji hayakukoma.

Kwa miaka zaidi ya ishirini hakuwahi kukosa kumwaga pale kikombe cha kwanza cha siku. Mumewe, Mumbere, alijua kwa nini. Binti yao Arlette alidhani ni desturi fulani ya Kinande ambayo mama yake alikuja nayo kutoka Butembo, na Kaswera alimwacha adhani hivyo. Majirani walimtania kwamba Mama Vital anamwagilia saruji ili imwotee nyumba ya ghorofa. Alicheka nao. Mtu anaweza kucheka na majirani miaka mingi juu ya jambo lisilochekesha, na yeye alikuwa amejifunza.

Walimwita Mama Vital kwa kuwa Vital alikuwa mzaliwa wake wa kwanza, na Bunia mwanamke akishazaa, jina la mtoto huyo ndilo jina lake mpaka mwisho, hata mtoto akitangulia. Vital alitangulia. Aliuawa kwa risasi mwezi wa tano wa ule mwaka wa vita, akiwa na miaka kumi na minane, na hilo mtaa mzima wa Lumumba ulilijua. Wengi walidhani alizikwa kwenye shimo la pamoja, kama wengine wa siku zile. Ni watu wawili tu waliojua kwamba alilala hapa, chini ya saruji ya kufulia.

Kaswera alimwaga kikombe chake juu ya maji yale yale. Kisha akachukua beleshi, akachota majivu, akafunika ufa.

*

Wiki ile mji mzima ulikuwa unaongea maji. Shirika la maji la serikali lilikuwa limefunga pampu mpya, na gari lenye kipaza sauti lilipita Lumumba likitangaza kwamba safari hii hata avenyu za juu zitapata. Avenyu ya Kaswera ndiyo ilikuwa ya juu kuliko zote. Tangu vita, nyumba arobaini za pale hazikuwa zimeona tone kwenye robine, zile koki zao za uani. Huko chini maji yalirudi baada ya miaka michache, ya kusuasua, saa mbili leo na saa moja kesho, lakini yalirudi. Huku juu maajenti walikuja, wakazungusha robine, wakaangalia mteremko, wakasema pression, nguvu ya kusukuma maji, ni kidogo, maji hayapandi mlima. Watu walikubali, maana hata macho yalionyesha kwamba ni mlima.

Basi walikwenda kisima cha bondeni na mabidoni yao, madumu ya njano. Mwanamke mwepesi alimaliza safari tatu kabla jua halijakaza. Nyumba ya Kaswera nayo ilikuwa miongoni mwa hizo arobaini, robine yake ilikauka kama za wote, na kwa umri wake wa miaka sitini na mbili alikuwa bado anapanda ule mlima na lita ishirini kichwani. Arlette alimkataza. Alikuwa na maharagi kutoka Kpandroma ya kuuza sokoni, pesa ya kumlipa kijana wa baiskeli ilipatikana. Kaswera hakukubali hata mara moja.

Mtu aliyebeba naye siku zote ni Hélène, jirani wa upande wa pili wa ua wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe. Hélène ndiye Mama Joëlle. Joëlle alikuwa mzaliwa wake wa kwanza naye, msichana wa miaka kumi na moja, aliyekufa kwa siku mbili tu mwaka ule kipindupindu kilipoingia katika mabidoni ya kisima. Kwa hiyo kila alfajiri wanawake hawa wawili waliitana juu ya ua, Mama Vital, Mama Joëlle, na kila mmoja alimwita mwenzake kwa jina la maiti. Mtaani hakuna aliyeliona hilo kuwa la ajabu. Kaswera peke yake alikuwa analisikia.

Tangu gari la matangazo lipite, Hélène alikuwa ameisugua robine yake kwa majivu mpaka ikang'aa, akaweka beseni jipya chini yake. Siku ya kwanza ya pampu, robine ilikohoa, ikatema kutu kidogo, ikanyamaza. Hélène hakuliondoa beseni. Alisema maji ni mgeni aliyechelewa barabarani, atafika.

*

Siku ya tatu majivu hayakuweza tena. Kaswera alikuwa ameongeza mchanga, akaongeza gunia, na bado tope lilifika langoni na kutoka nje kwenye avenyu, watu wanaliona. Saa nne Anselme akaja.

Anselme alikuwa fundi wa shirika, mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye kofia ya buluu iliyopauka na fimbo ya chuma ndefu kuliko yeye. Kazi yake ilitaka ukimya. Alituma mtu amwombe mwenye kinu cha kusaga azime mashine, akawaambia wanawake wawanyamazishe watoto, kisha akaanza kule chini kwenye vanne, vali ya kufungulia maji ya avenyu. Alisimamisha fimbo ardhini, akaweka sikio kwenye ncha ya juu, akafumba macho. Akapiga hatua tano, akasikiliza tena. Nusu ya avenyu ilimfuata kwa vidole vya miguu, kama watu waliochelewa misa.

Kaswera aliwaona wakija. Alisimama mlangoni akipangusa mikono iliyokuwa mikavu.

Fundi aliingia bila hodi, sikio lake lilikuwa mbele kuliko adabu zake. Alikanyaga maharagi yaliyoanikwa kwenye turubai, akapita, akasimamisha fimbo juu ya saruji. Hakuhitaji kufumba macho. Alitabasamu kama daktari aliyeupata ugonjwa.

"Nani aliweka hii béton?" aliuliza.

Mumbere alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, mguu mbaya ameunyoosha mbele. "Ni mimi. Ni fasi ya kufulia manguo."

"Muzee, tiyo ya maji ya zamani inapita hapa chini. Maji ya avenyu yote iko namwangika humu. Kesho asubui tutakuya kuvunja."

Mumbere alisema hapana. Alisema parcelle, kiwanja hiki, ni yake, makaratasi yako ndani, na hakuna mtu atakayevunja kitu kwake akiwa hai. Anselme hakugombana. Alieleza, kwa upole unaoudhi kuliko matusi, kwamba hatamlazimisha mzee. Ataifunga vanne kule chini, ataandika kwenye ripoti yake kwamba avenyu imekataa, timu itahamia mtaa mwingine, na zamu ya kurudi huku juu haijui ni lini. Alisema hayo akiwaangalia watu waliojaa langoni, wala si Mumbere.

Manung'uniko yakaanza. Mtu mmoja akasema watu wa Butembo wanajulikana, wameona maji yanatoka kwao bure na sasa wanataka kuyauza. Wengine wakacheka. Mumbere, aliyekaa Bunia miaka arobaini na kuzika mtoto humo, alitazama magoti yake.

Ndipo Hélène akapenya katikati ya watu, beseni lake mkononi.

"Mama Vital haiko mutu ya vile," alisema. "Miye na yeye tunabeba maji pamoja tangu zamani. Njia ile yote ya kisima, kilio yangu ni yeye alibeba. Mumuache. Atazungumuza na muzee, kesho atafungua."

Watu walitulia. Hélène alimwangalia Kaswera na kumpa ishara ndogo ya kichwa, kama kusema usijali, nimekumalizia. Katika mambo yote ya siku ile, hilo ndilo lililomwumiza Kaswera kuliko yote.

*

Mchana walijifungia chumbani, Arlette akiwa sokoni. Mumbere alisema ataikalia saruji hiyo na kiti chake, wavunje wakipenda na yeye juu. Kaswera alikaa kitandani. Walikuwa na desturi ya kutoizungumzia siku ile, na desturi hiyo ilikuwa imewafaa kama paa linavyofaa. Sasa walianza kuitoa siku ile, huyu kipande, yule kipande.

Siku ile walikuwa wamejifungia nyumbani siku ya nne. Robine zilikuwa kavu mji mzima, mitambo ilikuwa imesimama kwa sababu ya vita. Arlette alikuwa mtoto wa miezi saba, analia kwa sauti ambayo Kaswera aliogopa ingewaita watu wenye bunduki. Hapakuwa na maji ya kumpikia uji. Vital alitoka asubuhi na bidoni moja. Saa tano watu wawili wa kanisani walimleta kwenye turubai, wakamweka uani, wakakimbia kwenda kutafuta watu wao.

Kumpeleka makaburini hakukuwezekana. Mumbere alianza kuchimba nyuma ya jiko kwa jembe, amelala kifudifudi kila risasi zikikaribia. Alipofika kiunoni akakuta bomba la chuma, la enzi za Wabelgiji, limekatiza shimo. Hakuwa na nguvu ya kuanza shimo jingine. Bomba lilikuwa kavu, halina kazi, na mtoto alikuwa kwenye jua. Alileta msumeno wa chuma akalikata huku na huku, akakitupa kipande.

Kaswera ndiye aliyefikiri mbele. Kila mtu ana wakati wake wa kufikiri mbele, na wake ulikuwa ule. Alisema siku moja maji yatarudi, na yakirudi yatamlowesha. Akafungua kikwembe alichokuwa amevaa, kile cha njano chenye ndege, akakizungusha kwa nguvu ndani ya mdomo wa bomba, Mumbere akakishindilia kwa mpini wa jembe, akapaka udongo wa mfinyanzi, na baadaye saruji. Walisema itakuwa kwa muda. Barabara ikifunguka watamchukua wakamzike Butembo kwa babu zake. Barabara ilifunguka, ikafungwa, ikafunguka, na kila mara kulikuwa na sababu.

"Tungesema pale mwanzo," Kaswera alisema.

Mumbere alimkumbusha kwamba mwanzoni waliharibu bomba la serikali, na watu walikuwa wanafungwa kwa kidogo kuliko hapo. Akaongeza kwamba hata hivyo maajenti wenyewe walisema pression ilikuwa kidogo. Maji yasingepanda. Hawakumnyima mtu kitu.

"Yalikuwa yanafika," Kaswera alisema.

Mumbere akamtazama.

Hapo Kaswera alimwambia jambo ambalo hakuwa amelisema hata kwake. Mwaka wa tatu baada ya vita, asubuhi moja akimwaga kikombe, alisikia kitu chini ya saruji. Aliinama akaweka sikio. Kulikuwa na hewa inapita, kisha mgongano mdogo mdogo, kama vidole kwenye mlango. Maji yalikuwa yamefika kwenye kikwembe chake na yalikuwa yanagonga. Yaligonga saa nzima, yakarudi. Aliyasikia asubuhi nyingi baada ya ile. Mara nyingine aliamini ni Vital anaomba kinywaji, mara nyingine aliamini ni Vital anaomba wafunguliwe wengine. Alimwaga kikombe chake akaondoka.

"Mbele ya Joëlle kufa, ingekuwa kosa," alisema. "Mutu anaweza kusema kosa. Kisha Joëlle kufa, ilikuwa haiko kosa tena. Ningeisemea na kinywa gani?"

Mumbere alivuta mguu wake kwa mikono miwili, akageukia ukuta.

*

Asubuhi watu walikuja mapema na sururu. Anselme alileta vibarua wawili, na shefu wa avenyu alikuja na koti lake la mikutano. Ua ulijaa. Mumbere alikuwa ameshafika kabla yao, amesimama juu ya saruji na fimbo yake, soksi zinalowa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumshika mzee.

Kaswera alitoka jikoni. Alikuwa amevaa vizuri, kitambaa kichwani, kama mtu anayekwenda kanisani. Alimwendea mumewe akamshika mkono, akamshusha taratibu. Kisha akawageukia watu, na kwa kuwa hakujua namna ya kuanza, alianza na mwisho.

"Mutoto yangu Vital iko humu," alisema.

Sururu zilishushwa. Anselme alivua kofia. Kaswera aliendelea kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, hakulia, hakuharakisha. Alieleza shimo, msumeno, kikwembe. Alisema bomba lilikatwa na mikono yao, na ndiyo sababu nyumba arobaini hazikupata maji, si kwa sababu ya mlima. Aliposema hivyo, kelele ndogo ilipita kwenye umati, kisha ukimya, na katika ukimya huo kila mtu alikuwa anapiga hesabu ya mabidoni yake.

Arlette alikuwa ameegemea mgomba. Alikuwa anaangalia saruji ambayo alifulia juu yake nguo za nyumbani, sare za shule, nguo za ndoa ya binamu yake.

Hélène alisogea mbele. Beseni halikuwa naye leo.

"Mwaka ule Joëlle yangu alikufa," alisema, "ulikuwa najua?"

Mumbere alifungua mdomo. Kaswera aliona anataka kusema habari ya pression, anataka kumpa pa kujificha, na palikuwapo. Fundi mwenyewe asingekataa. Alimbana mkono mumewe mpaka akanyamaza.

"Nilikuwa najua," alisema. "Maji ilikuwa nafika hapa. Nilikuwa naisikia."

Hélène alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa njia akaelewa. Aligeuka, watu wakampisha, akaenda kwake. Walisikia mlango wake unafungwa. Haukugongwa kwa hasira. Ulifungwa tu, na komeo likaingia.

*

Anselme alikataa kumgusa marehemu bila karatasi ya komini na bila mchungaji. Vilipatikana vyote mchana. Wanaume wa kanisa walichimba, na vibarua wa shirika walisimama pembeni, mikono nyuma. Kaswera hakukubali kuondolewa. Alitaka kuona kile alichokiogopa toka mwanzo, na alikiona: shimo lilikuwa limejaa maji mpaka kwenye mbavu za wachimbaji. Walichota kwa ndoo nusu saa kabla ya kumfikia Vital. Miaka yote ile alikuwa amemkinga mtoto wake asilowe, akamlowesha mwenyewe kwa kikombe kila asubuhi, na mwisho maji yakamfikia kwa nguvu yake yenyewe.

Walimweka kwenye sanduku fupi. Watu wa avenyu walikuja mazishini, wengi kuliko alivyotarajia, wakasimama mbali kidogo kuliko desturi. Hélène hakuja.

Kikwembe kilitoka kwenye bomba kwa ndoano, vipande vyeusi vinavyonuka. Katikati kabisa, palipokunjwa sana, rangi ya njano ilikuwa bado ipo, na bawa moja la ndege. Arlette aliokota kipande hicho akakiosha. Jioni ile alimwuliza mama yake, Vital alikuwa anakwenda kutafuta maji ya nani.

"Ya uji yako," Kaswera alisema.

Arlette alikaa siku mbili bila kunywa maji mbele ya mama yake. Siku ya tatu alichukua bilauri, akanywa yote amesimama, akaenda sokoni.

Bomba liliunganishwa kwa kipande kipya kisichozidi urefu wa mkono. Kilikuwa kidogo kiasi cha aibu. Anselme alifungua vanne, na maji yakapanda mlima. Yalikohoa katika robine moja baada ya nyingine mpaka nyumba ya mwisho. Watoto walipiga kelele, wanawake walijaza masufuria, ndoo, hata chupa za bia. Hakuna aliyemtukana Kaswera. Walimsalimu. Lakini sokoni mteja wa siku nyingi alinunua maharagi kwa jirani yake wa meza, na alipoulizwa akasema hayo yanaiva upesi.

*

Hélène aliifunga robine yake. Alimwita fundi wa mtaani akamkazia koki kwa spana, na beseni jipya akalitundika ukutani. Kila alfajiri alitoka na bidoni lake la njano akaelekea kisimani, peke yake, mwanamke pekee aliyebaki kwenye njia ile ambayo majani yalikuwa yameanza kuila.

Na kila alfajiri, kabla ya kushuka, alisimama kwenye ua wa miyenzi akauliza swali moja.

Hakusalimu. Hakumwita Mama Vital, hakumwita chochote. Asubuhi ya kwanza aliuliza maji yalirudi huko chini mwaka gani. Kaswera alimjibu, mwaka wa tatu baada ya vita. Hélène akaondoka. Kaswera alimwona anahesabu kwa vidole kwenye mpini wa bidoni.

Asubuhi nyingine aliuliza, "Siku Joëlle alianza kuhara, nilikuya huku kukuomba maji. Ulinipatia mabidoni mbili. Ulikuwa nafikiri nini?"

"Nilikuwa nafikiri nikuambie."

"Na kisha?"

"Nikakupatia mabidoni."

Ikawa hivyo wiki nzima, na wiki ya pili. Mumbere alimwambia mkewe asitoke, ajifungie ndani mpaka yule apite. Kaswera alitoka. Hakuwa tena na mahali pa kumwaga kikombe, palibaki udongo mwekundu tu uliofukiwa, na mikono yake haikujua pa kwenda saa ile. Aliamka mapema, akafungua robine kujaza beseni, akasimama kwenye ua kungoja aulizwe. Usingizi ulikuwa umemkimbia. Akilala alisikia vidole kwenye mlango, na akiamka alikuta ni maji yanatembea ndani ya bomba, yanakwenda kwa watu.

Kisha Hélène akapitisha siku tatu bila kuuliza. Alipita tu. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Siku ya nne alisimama. Kulikuwa na ukungu, na nyuma ya Kaswera robine ilikuwa wazi, beseni linajaa. Hélène aliliweka bidoni chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku zote zile.

"Vital, siku ile," alisema. "Alitoka yeye mwenyewe, ao ulimutuma?"

Kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna mtu aliyemwuliza hilo. Hata Mumbere, aliyekuwa chumba cha pili, hakuuliza. Watu walisema alikuwa kijana shujaa, alikwenda kumtafutia mdogo wake maji, na Kaswera aliwaacha waseme. Alishika miyenzi kwa mkono, utomvu mweupe ukamchirizika vidoleni.

"Nilimutuma," alisema. "Hakutaka. Alisema bado banapiga bunduki. Nikamuambia mutoto iko nalia, wende."

Hélène aliutazama utomvu ule. Beseni lilijaa nyuma ya Kaswera, likaanza kumwagika juu ya udongo mwekundu, na wote wawili walilisikia.

"Miye pia nilimutuma Joëlle ku kisima," Hélène alisema. "Siku ile ya mwisho. Alisema tumbo iko namuuma. Nikamuambia ni uvivu."

Akainama akachukua bidoni lake. Alipiga hatua mbili kuelekea njia ya bondeni, akasimama, akaongea bila kugeuka.

"Funga robine yako, Mama Vital. Maji iko napotea."